Majina ya 'mtu wa mwituni' duniani, na watu walioponzwa nayo

Na Mwandishi Wetu

KARIBU kila jamii iliyo jirani na msitu mnene, mlima mrefu au nyika isiyokaliwa ina simulizi za kiumbe anayefanana na binadamu, aliyefunikwa na manyoya mwili mzima, anayetembea kwa miguu miwili na kuyakwepa macho ya watu.

Washerpa wa Nepal humwita Yeti. Wamarekani humwita Bigfoot, Wakanada Sasquatch, Wachina Yeren na Wamongolia Almas. Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma: Tanzania ina Agogwe wa mbuga za Wembere, na Kenya ina Chemosit wa Wanandi, ambaye walowezi wa Kizungu walimpa jina la Dubu wa Nandi.

Hadi leo hakuna mzoga, mfupa wala kipimo cha vinasaba kilichothibitisha kuwapo kwa kiumbe hata mmoja kati ya hao. Majina yenyewe, hata hivyo, yapo, na historia ya mengi kati yake inaweza kufuatiliwa kwa miaka na mahali.

Historia hiyo si ya kuchekesha tu. Imewahi kumfanya mnyama aitwe mtu. Imewahi pia, na hili ndilo lililoleta madhara makubwa zaidi, kumfanya mtu aitwe mnyama.

MANENO MENGI, MAANA MOJA

Anayeyatafsiri majina haya atagundua kuwa mengi yameundwa kwa maneno mawili tu: "mtu" na "msitu", au "mtu" na "mwitu".

Kwa Kichina, "ye" ni mwitu na "ren" ni mtu. Yeren ni mtu wa mwituni. Kwa Kivietnamu kiumbe wa namna hiyo huitwa "nguoi rung", yaani mtu wa msitu. Wagaro wa jimbo la Meghalaya, India, humwita Mande Barung, wakiwa na maana hiyohiyo.

Katika milima ya Chitral, kaskazini mwa Pakistan, jina ni Barmanou, linalohusishwa na maneno ya Kisanskriti ya "msitu" na "binadamu". Neno la Kihindi lenye asili hiyo, "vanmanush", leo hutumika pia kumtaja sokwe.

Katika kisiwa cha Sumatra, Indonesia, wakazi wa maeneo ya Kerinci huzungumzia Orang Pendek, yaani mtu mfupi. Neno "orang" ni mtu kwa Kimalay, na "hutan" ni msitu. Kwa hiyo jina orangutani, linalofahamika kwa kila mtoto aliyewahi kutembelea bustani ya wanyama, maana yake ni mtu wa msitu.

Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo. Mnyama wa Gombe na Mahale huitwa sokwe, na jina lake refu, sokwemtu, limebeba neno "mtu" ndani yake.

HIMALAYA: JINA LA TAFSIRI MBOVU

Jina lililopata umaarufu kuliko mengine yote lilienea duniani kutokana na kosa la tafsiri.

Mwaka 1921 msafara wa Waingereza ulioongozwa na Luteni Kanali Charles Howard-Bury ulikuwa ukitafuta njia ya kuukwea mlima Everest. Wakiwa katika kimo cha zaidi ya mita 6,000, waliona nyayo kwenye theluji karibu na kipito cha Lhakpa La. Howard-Bury alidhani ni za mbwa mwitu. Wapagazi wake walisema ni za "metoh-kangmi".

Neno "kangmi" lina maana ya mtu wa theluji. Neno "metoh" ndilo lililoleta utata. Mwandishi wa habari Henry Newman, aliyeliandikia gazeti la The Statesman la Calcutta, alilielewa kuwa ni uchafu wa kuchukiza, akaandika juu ya "mtu wa theluji achukizaye". Jina hilo likasambaa katika magazeti ya Ulaya na Marekani.

Wenyeji walikuwa na maana nyingine. Washerpa hutofautisha aina kadhaa za viumbe hao. Mmoja huitwa "meh-teh", jina linaloelezwa kuwa ni "mtu-dubu". Mwingine ni "dzu-teh", dubu anayeshambulia mifugo. Hata Yeti yenyewe huelezwa na wataalamu wengi wa lugha kuwa imetokana na maneno yenye maana ya dubu wa mahali penye miamba.

Kwa maneno mengine, dubu alikuwamo ndani ya jina tangu mwanzo. Aliyemtoa ni mfasiri.

Mwaka 1951 mpanda milima Eric Shipton alipiga picha za nyayo kubwa kwenye barafu ya Menlung, na hamasa ikapanda. Mwaka 1954 gazeti la Daily Mail la London liligharimia msafara wa kumsaka Yeti. Mwaka 1959 ubalozi wa Marekani mjini Kathmandu uliwajulisha wakubwa wake masharti ya Serikali ya Nepal kwa wawindaji hao: kibali kililipiwa rupia 5,000 za India, na ilikatazwa kumpiga kiumbe huyo risasi isipokuwa kwa kujihami.

Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay, alirudi Himalaya mwaka 1960 akiwa na kikosi cha wanasayansi. Waliazima "ngozi ya kichwa cha Yeti" iliyotunzwa katika nyumba ya ibada ya kijiji cha Khumjung. Uchunguzi ulionyesha kuwa imetengenezwa kwa ngozi ya serow, mnyama wa milimani wa jamii ya mbuzi.

Jibu la kisayansi lililo wazi zaidi lilitolewa mwaka 2017. Timu iliyoongozwa na Charlotte Lindqvist wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, ilipima vinasaba vya mifupa, meno, ngozi, nywele na kinyesi vilivyodaiwa kuwa vya Yeti. Kati ya vielelezo tisa, vinane vilikuwa vya dubu na kimoja cha mbwa.

Matokeo hayo hayakuizima imani. Aprili 2019 Jeshi la India lilitangaza kuwa kikosi chake cha kupanda milima kimeona nyayo za "Yeti" karibu na kambi ya mlima Makalu, kila moja ikiwa na urefu wa inchi 32. Tangazo hilo lilipokewa kwa vicheko.

AMERIKA: KUTOKA KWA WENYEJI HADI KWENYE VICHWA VYA HABARI

Sasquatch ni jina la zamani kuliko Bigfoot. Limetokana na neno "sasq'ets" la lugha ya Kihalkomelem, inayozungumzwa na wenyeji wa asili wa British Columbia, magharibi mwa Kanada. Mwalimu J. W. Burns, aliyefundisha katika eneo la Wachehalis, ndiye aliyelieneza kwa wasomaji wa Kiingereza katika miaka ya 1920.

Katika simulizi za wenyeji, kiumbe huyo si mnyama wa kuwindwa. Ni jirani wa msituni mwenye nguvu zisizo za kawaida, anayestahili kuheshimiwa na kuachwa peke yake.

Bigfoot, yaani Mguu Mkubwa, ni jina la gazetini. Mwaka 1958 Jerry Crew, dereva wa tingatinga katika ujenzi wa barabara huko Bluff Creek, kaskazini mwa California, alikuta nyayo kubwa kuzunguka mtambo wake. Andrew Genzoli wa gazeti la Humboldt Times aliandika habari hiyo akitumia jina la utani lililozoeleka kwa vibarua, nayo ikaenea nchi nzima.

Mkandarasi wa mradi huo alikuwa Ray Wallace. Alipofariki mwaka 2002, familia yake ilionyesha miguu ya mbao iliyochongwa na kusema kuwa ndiyo iliyoacha nyayo zile.

Kufikia wakati huo jina lilikuwa limeshaota mizizi. Oktoba 20, 1967, hukohuko Bluff Creek, Roger Patterson na Bob Gimlin walipiga filamu fupi ya kiumbe mwenye manyoya akitembea kando ya kijito, filamu ambayo ingali ikibishaniwa.

Mwaka 1976 mtafutaji mmoja aliwaomba wapelelezi wa FBI wachunguze nywele 15 alizodhani ni za kiumbe huyo. Jibu, lililowekwa hadharani mwaka 2019, lilikuwa kwamba nywele hizo ni za mnyama wa jamii ya kulungu.

Sheria nayo iliingia. Mwaka 1969 wilaya ya Skamania katika jimbo la Washington ilipitisha amri inayokataza kumuua kiumbe huyo, ikimtaja kwa majina manne ili asiwepo wa kujitetea kwa kuchezea maneno: Sasquatch, Yeti, Bigfoot na nyani mkubwa mwenye manyoya. Adhabu iliyowekwa ilikuwa faini ya hadi dola 10,000 na kifungo cha hadi miaka mitano. Sababu moja ilikuwa ya busara: wenye bunduki waliojaa msituni wangeweza kumuua mwindaji mwenzao.

Kusini zaidi, katika misitu ya Amazon nchini Brazil, jina ni Mapinguari. Husemwa kuwa ananuka vibaya, ana kucha ndefu, na katika baadhi ya simulizi ana jicho moja na kinywa tumboni. Mtaalamu wa viumbe David Oren alipendekeza kuwa huenda simulizi hizo ni kumbukumbu ya slothi wakubwa wa ardhini, waliotoweka bara hilo yapata miaka 10,000 iliyopita.

ASIA: KIUMBE ALIYEKIMBIA UKUTA MKUBWA

Katika karne ya 15 Johann Schiltberger, askari wa Bavaria aliyetekwa vitani na kuishi mashariki kwa miaka mingi, aliandika juu ya watu wa milimani waliofunikwa na nywele isipokuwa usoni na mikononi. Maelezo yake huhesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza ya Kizungu kuhusu kiumbe anayeitwa Almas na Wamongolia, na Almasty na watu wa Kaukasi.

Urusi ya Kisovieti ililichukulia suala hilo kwa uzito. Mwaka 1958 Chuo cha Sayansi cha nchi hiyo kiliunda tume ya kumchunguza "mtu wa theluji" na kutuma msafara katika milima ya Pamir. Msafara ulirudi mikono mitupu. Mwanahistoria Boris Porshnev aliendelea kutetea wazo kwamba Almas ni mabaki ya Waneandertali.

China nayo ilituma kikosi cha zaidi ya watu 100, wakiwamo wanasayansi na askari, kuisaka Yeren katika misitu ya Shennongjia, mkoa wa Hubei, mwaka 1977. Mwaka mmoja kabla yake maofisa waliokuwa safarini usiku walidai kukutana na kiumbe mwenye manyoya mekundu barabarani.

Jina la zamani zaidi la eneo hilo ni Maoren, mtu mwenye manyoya. Mwandishi Yuan Mei wa karne ya 18 alisimulia kuwa viumbe hao walikuwa wazao wa watu waliotoroka kazi ya shokoa ya kujenga Ukuta Mkubwa wa China, wakajificha milimani hadi wakaota manyoya. Aliyekutana nao alishauriwa kupiga makofi na kupaza sauti kuwa ukuta unajengwa, nao wangetimua mbio.

Ndani ya simulizi hiyo, mtu wa mwituni si zimwi. Ni raia aliyekimbia mateso ya dola, na hofu yake haijapoa hata baada ya karne nyingi.

Wapo wanaoliunganisha jina Yeren na Gigantopithecus, nyani mkubwa wa kale. Mtaalamu G. H. R. von Koenigswald alilitambua jino lake la kwanza mwaka 1935 katika duka la dawa za Kichina huko Hong Kong. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa mnyama huyo alitoweka kati ya miaka 295,000 na 215,000 iliyopita, muda mrefu mno kabla ya simulizi za leo.

Karibu zaidi na ukweli ni jina Ebu Gogo la Wanage wa kisiwa cha Flores, Indonesia. "Ebu" ni bibi, na "gogo" ni mlaji asiyechagua. Mwaka 2003 wachimbaji katika pango la Liang Bua kisiwani humo walipata mifupa ya binadamu wa kale mwenye kimo cha zaidi kidogo ya mita moja, aliyepewa jina la kisayansi Homo floresiensis.

Mwanzoni ilidhaniwa kuwa watu hao walikuwapo hadi miaka 18,000 iliyopita, na wengi wakaona simulizi imethibitishwa. Vipimo vipya vya mwaka 2016 viliirudisha mifupa hiyo nyuma hadi kati ya miaka 100,000 na 60,000 iliyopita. Mwanaanthropolojia Gregory Forth, aliyeishi na jamii za Flores kwa miaka mingi, ameendelea kusema kuwa ushuhuda wa wenyeji usipuuzwe.

ULAYA: MFALME ALIYEVAA MANYOYA

Ulaya ya enzi za kati ilikuwa na mtu wake wa mwituni, aliyechongwa kwenye makanisa, kufumwa kwenye mazulia ya ukutani na kuchorwa kwenye nembo za koo za kitajiri. Kwa Kilatini aliitwa "homo sylvestris", yaani mtu wa msitu.

Januari 28, 1393, Mfalme Charles wa Sita wa Ufaransa na waungwana watano walijivika nguo za kitani zilizopakwa lami ya miti na kubandikwa nyuzi, wacheze ngoma kama watu wa mwituni. Mwenge ukawakaribia mno. Waungwana wanne walikufa kwa moto. Mfalme aliokolewa na mke wa Mtawala wa Berry aliyemfunika kwa gauni lake.

Kwa wakuu hao, manyoya yalikuwa vazi la kuvaa na kuvua. Kwa wengine, kama tutakavyoona, haikuwa hivyo.

AFRIKA MASHARIKI NA KONGO

Desemba 1937 jarida la Discovery la Uingereza lilichapisha makala ya Kapteni William Hichens, aliyewahi kuwa mtawala wa kikoloni Tanganyika. Alidai kuwa akiwa katika windo la simba kwenye misitu ya Ussure na Simibit, magharibi mwa mbuga za Wembere, aliona watu wawili wafupi, wenye kimo cha futi nne hivi na manyoya ya rangi ya hudhurungi, wakivuka uwazi na kutokomea kichakani. Mwindaji aliyekuwa naye alimwambia kuwa ni Agogwe.

Wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanamfahamu Hichens kwa kazi nyingine: ndiye aliyehariri Al-Inkishafi na Diwani ya Muyaka, zilizochapishwa mwaka 1939 na 1940.

Kwa upande wa Kenya, Chemosit wa Wanandi ni mfano mzuri wa jina lililobadilishwa na wageni. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, alirekodi maelezo ya wenyeji: Chemosit ni nusu mtu na nusu ndege, ana mguu mmoja na matako tisa, hutembelea fimbo, na kinywa chake chekundu hung'aa usiku mithili ya taa.

Katika maelezo hayo hakuna dubu. Walowezi na wajenzi wa reli ndio waliochanganya simulizi hiyo na taarifa zao za kuona wanyama wasiowatambua. Geoffrey Williams aliandika juu ya mnyama kama huyo mwaka 1912, na jina Dubu wa Nandi likazoeleka, ingawa Afrika kusini mwa Sahara haina dubu wa porini.

Mashariki mwa Kongo, mkamataji wanyama wa Uswisi, Charles Cordier, aliandika mwaka 1963 juu ya majina mawili aliyoyasikia huko: Kakundakari, mdogo, na Kikomba, mkubwa.

Zimwi la ngano za Kiswahili ni kiumbe wa aina nyingine. Huishi porini, hula watu na huweza kujigeuza. Lakini hata yeye ana uhusiano na wanadamu, kama isemavyo methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

WANYAMA WALIODHANIWA KUWA WATU

Wanaocheka simulizi hizi husahau kuwa baadhi ya "watu wa mwituni" waliwahi kupatikana kweli.

Takriban miaka 2,500 iliyopita Hanno, baharia wa Carthage, alisafiri kandokando ya pwani ya magharibi ya Afrika. Simulizi ya safari yake inasema walikuta kisiwani "watu" wenye nywele mwili mzima, ambao wakalimani waliwaita Gorillai. Mabaharia waliwakamata wanawake watatu waliowauma na kuwaparura. Waliwaua, wakawachuna, wakachukua ngozi zao hadi Carthage.

Haijulikani kama walikuwa nyani au binadamu. Mmisionari Thomas Savage alipopata mafuvu ya mnyama mkubwa huko Gabon, alilichukua jina hilo la kale na mwaka 1847 akamwita gorila.

David Livingstone, akiwa Manyema, mashariki mwa Kongo, kati ya mwaka 1869 na 1871, aliandika juu ya mnyama aitwaye "soko", jina linalokaribiana sana na sokwe. Alieleza kuwa baadhi ya Wamanyema waliamini wafu wao hufufuka wakiwa soko.

Oktoba 17, 1902, Kapteni Robert von Beringe wa jeshi la Wajerumani aliwapiga risasi gorila wawili kwenye mlima Sabyinyo, ambako leo mipaka ya Rwanda, Uganda na Kongo inakutana. Sayansi ya Ulaya ikampa gorila wa milimani jina la aliyemuua: Gorilla beringei. Wanyarwanda walikuwa na jina lao tangu zamani, ingagi.

WATU WALIODHANIWA KUWA WANYAMA

Upande wa pili wa historia hii ni mchungu.

Petrus Gonsalvus, mzaliwa wa Tenerife, aliota nywele mwili mzima kutokana na hali ya kurithi. Mwaka 1547, akiwa na umri wa miaka 10 hivi, alipelekwa kwa Mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa kama zawadi, akiitwa mtu wa mwituni. Alisomeshwa Kilatini na kuoa. Watoto wake waliorithi hali hiyo walitolewa nao kuwa zawadi kwa wakuu wengine wa Ulaya.

Katika karne ya 19, huko Abkhazia kwenye milima ya Kaukasi, mwanamke aliyeitwa Zana alikamatwa msituni, akauzwa na kufungiwa. Alizaa watoto na wanaume wa kijiji cha Tkhina. Baada ya kifo chake, watafiti wa Kisovieti walimtaja kuwa ushahidi wa Almasty, mtu wa mwituni aliyepatikana hai.

Mwaka 2021 vinasaba vyake vilichapishwa katika jarida la Advanced Genetics. Zana alikuwa binadamu kamili, mwenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Inaaminika kuwa huenda yeye au wazazi wake walifikishwa huko na biashara ya utumwa ya dola ya Ottoman.

Kwa zaidi ya karne moja, mwanamke wa Kiafrika aliyepotezwa mbali na kwao alihesabiwa kuwa nusu mnyama, kwa sababu waliomkamata walikuwa na jina tayari la kumwekea.

Hilo lilitokea pia katika jiji kubwa lenye magazeti na vyuo vikuu. Septemba 1906 Ota Benga, kijana wa Kongo aliyepelekwa Marekani na mfanyabiashara Samuel Verner kwa ajili ya maonyesho ya St. Louis ya mwaka 1904, aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani.

Wachungaji Weusi wa jiji hilo, wakiongozwa na James H. Gordon, walipinga hadi akatolewa. Ota Benga hakurudi kwao. Machi 20, 1916, alijiua kwa risasi huko Lynchburg, Virginia. Taasisi inayoendesha bustani hiyo iliomba radhi mwaka 2020.

JINA LINAPOBADILIKA

Jane Goodall alipofika Gombe, Kigoma, Julai 1960, aliwapa sokwe majina badala ya namba. Baadhi ya wasomi walimlaumu, wakisema mnyama wa utafiti hapewi jina. Mwaka huohuo sokwe aliyemwita David Greybeard alionekana akitumia vijiti kuvua mchwa, na kanuni kwamba binadamu pekee ndiye mwenye kutengeneza zana ikaporomoka.

Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, aliwashangaza wengi mwaka 2002 alipoiambia redio moja ya Marekani kuwa ana hakika viumbe kama Bigfoot wapo.

Wapo au hawapo, wale waliothibitika ndio walio hatarini. Orangutani wa aina zote tatu wako ukingoni mwa kutoweka, na wa Tapanuli, waliotambuliwa mwaka 2017, hawafiki 800. Gorila wa milimani walihesabiwa kuwa 1,063 katika sensa zilizotangazwa kufikia mwaka 2019, baada ya miongo ya ulinzi.

Tangu mwaka 2005 Rwanda hufanya sherehe ya hadhara iitwayo Kwita Izina, yaani kumpa jina, ambamo watoto wa gorila hupewa majina kama ilivyo desturi ya Wanyarwanda kwa watoto wao. Kwa kawaida hufanyika Kinigi, chini ya milima ileile ambako von Beringe alifyatua risasi mwaka 1902.

Zana hakuacha jina jingine lolote. Lile alilopewa na wazazi wake halikuandikwa na mtu.